Kilo nne na zaidi: Je, uzito mkubwa wa mtoto mchanga ni jambo la kutia wasiwasi?

Katika nyumba za Biryogo na Nyamirambo, mjini Kigali, mtoto anapozaliwa maswali ya wageni hufuata utaratibu ule ule. Kwanza huulizwa kama mama ni mzima. Pili huulizwa kama mtoto ni wa kiume au wa kike. Swali la tatu ni kilo. Ukijibu kwamba ana kilo mbili na nusu, watu hunyamaza kidogo, kisha mmoja wao husema, "Mungu atamkuza." Ukijibu kwamba ana kilo nne na ushei, nyumba nzima hushangilia, na hakosekani bibi wa kusema kwamba huyu amezaliwa akiwa tayari kwenda shule.

Furaha hiyo niliishuhudia kwetu. Wifi yangu alijifungua mtoto wa kiume mwenye kilo 4.4 katika hospitali moja ya jiji hili. Wageni walikuja kumhemba mzazi, kama desturi ya Rwanda inavyotaka, wakiwa na uji na maziwa, na kila mmoja alitaka kumpakata yule bonge. Jioni mtoto alikataa titi. Alilala tu, na alipoguswa mikono yake ilitetemeka kidogo. Wageni walisema ameshiba tangu tumboni. Muuguzi aliyeingia zamu ya usiku ndiye aliyemtoboa kisigino, akachukua tone la damu na kukuta sukari imeshuka chini ya kiwango kinachotakiwa. Mtoto alitibiwa na kukaa hospitalini siku mbili zaidi. Leo ana miaka mitatu na anatusumbua sote. Lakini tangu saa ya kwanza hadi ile zamu ya usiku, hakuna aliyekuwa amewaambia wazazi kwamba mtoto wa uzito ule hupaswa kupimwa sukari mapema.

Jibu la swali la makala haya, basi, lina pande mbili. Watoto wengi wanaozaliwa wakiwa na kilo nne au zaidi ni wazima kabisa na hawahitaji tiba yoyote. Hata hivyo uzito huo ni sababu ya kutosha ya kuuliza mambo matatu: sukari ya mama ilikuwaje wakati wa ujauzito, mabega ya mtoto yalipitaje wakati wa kuzaliwa, na sukari ya mtoto mwenyewe ikoje katika siku yake ya kwanza duniani.

Mkubwa ni yupi?

Kwa mujibu wa viwango vya ukuaji vilivyotolewa na Shirika la Afya Duniani, WHO, mwaka 2006, mtoto wa kiume wa wastani huzaliwa akiwa na kilo 3.3 na wa kike kilo 3.2. Viwango hivyo vilitokana na vipimo vya watoto wa nchi sita, zikiwemo Ghana na Oman. Katika kila watoto wa kiume 100, takriban 97 huwa chini ya kilo 4.3 wanapozaliwa, kwa watoto wa kike mpaka huo ni kilo 4.2. Utafiti mwingine, unaoitwa INTERGROWTH-21st, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2014, ulifuatilia mimba katika miji minane, ukiwemo Muscat na mtaa wa Parklands jijini Nairobi. Ulionyesha kwamba mama akiwa na afya njema, lishe ya kutosha na huduma nzuri, mtoto wa Nairobi na wa Oxford hukua tumboni kwa namna inayokaribiana mno. Kwa hiyo hoja kwamba watoto wa Kiafrika wana vipimo vyao pekee haina mashiko makubwa.

Madaktari huita hali ya mtoto kuzaliwa na uzito mkubwa makrosomia. Wengi huanza kuhesabu kuanzia gramu 4,000, wengine kuanzia gramu 4,500. Ukweli ni kwamba hatari haianzi ghafla mzani unapogusa namba fulani; hupanda taratibu, ikiongezeka zaidi baada ya kilo 4.5 na zaidi tena baada ya kilo 5. Vilevile umri wa mimba ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Mtoto wa kilo 3.7 aliyezaliwa wiki ya 35 ni mkubwa kwa umri wake, ingawa mzani hauwashtui wageni.

Hapa niruhusiwe neno moja kama mtafsiri. Kiswahili kina jina la mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati wake: njiti. Neno hilo limeingia katika kliniki na magazeti ya Tanzania, na kila mtu akilisikia anajua kwamba mtoto huyo anahitaji uangalizi. Mtoto aliyezidi uzito hatukumpa jina la namna hiyo. Tumempa sifa tu: bonge, pandikizi, dume. Nadhani lugha yenyewe imetulaza kidogo.

Ni wangapi? Uchunguzi wa WHO uliofanyika katika nchi 23 zinazoendelea, zikiwemo Kenya, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, ulionyesha tofauti kubwa sana: kutoka asilimia 0.5 ya watoto nchini India hadi asilimia 14.9 nchini Algeria. Katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, watafiti walikuta takriban watoto wawili katika kila mia. Si wengi, lakini hali ya kina mama inabadilika. Uchunguzi wa kitaifa wa afya nchini Rwanda ulikuta kwamba wanawake wenye uzito uliozidi au unene wa kupindukia walikuwa asilimia 21 mwaka 2014-15, na kufikia 2019-20 walikuwa asilimia 26. Uzito wa mama kabla ya mimba ni miongoni mwa mambo yanayoamua uzito wa mtoto, na kwa sababu hiyo wakunga wa miaka ijayo watakutana na watoto wakubwa zaidi kuliko wenzao waliotangulia.

Sukari inayovuka, insulini isiyovuka

Sababu nyingine za ukubwa wa mtoto hazina ubaya wowote. Baba na mama warefu huzaa watoto warefu. Watoto wa kiume huwa wazito kidogo kuliko wa kike. Mtoto wa tatu au wa nne mara nyingi humpita wa kwanza, na mimba iliyopitiliza wiki 41 humpa mtoto muda zaidi wa kunenepa. Mama aliyewahi kuzaa mtoto mkubwa ana uwezekano mkubwa wa kuzaa mwingine.

Sababu inayowahangaisha madaktari ni kisukari, iwe kile ambacho mama alikuwa nacho kabla ya kushika mimba au kile kinachojitokeza wakati wa ujauzito wenyewe. Namna kinavyofanya kazi ilielezwa na daktari wa Denmark, Jørgen Pedersen, katika miaka ya 1950, na maelezo yake bado yanasimama. Sukari ya mama huvuka kondo la nyuma na kuingia katika damu ya mtoto. Insulini ya mama, yaani homoni inayoishusha sukari, haivuki. Kongosho la mtoto, likijikuta katika bahari ya sukari, hulazimika kutengeneza insulini yake kwa wingi. Na kwa mtoto aliye tumboni insulini hufanya kazi kama mbolea: hujenga mafuta na kukuza viungo, hasa mabega, kifua na tumbo.

Ndiyo maana watoto wawili wenye kilo 4.2 wanaweza kuwa tofauti kabisa. Mmoja ni mrefu, mwili wake umelingana, amefanana na baba yake. Mwingine ana mashavu yaliyojaa na mabega mapana kuliko kichwa, na ndani ya mwili wake kongosho bado linamwaga insulini ya kupambana na sukari ambayo, mara tu kitovu kinapokatwa, haipo tena.

Kisukari cha ujauzito mara nyingi hakina dalili. Mama hujisikia mzima, pengine akikojoa sana na kusikia kiu, mambo ambayo kila mjamzito huyajua. Hugundulika kwa kipimo. WHO, katika mwongozo wake wa mwaka 2013, ilieleza kwamba mama hunyweshwa gramu 75 za glukosi baada ya kufunga usiku kucha, na ana kisukari cha ujauzito iwapo sukari yake kabla ya kunywa imefika 5.1, au saa moja baadaye imefika 10.0, au saa mbili baadaye imefika 8.5, kwa kipimo cha milimoli kwa lita. Wakati unaofaa zaidi ni kati ya wiki ya 24 na ya 28.

Tatizo liko hapo. Katika vituo vingi vya Afrika Mashariki kipimo hiki hakifanywi kwa kila mjamzito. Hufanywa kwa yule anayeonekana kuwa na hatari. Na mama mwenyewe lazima awepo. Nchini Rwanda asilimia 93 ya kina mama hujifungulia katika kituo cha afya au hospitali, kiwango ambacho mataifa mengi jirani yanakitamani. Lakini waliohudhuria kliniki ya wajawazito mara nne au zaidi walikuwa asilimia 47 tu katika uchunguzi ule wa 2019-20. Mama aliyekwenda mara moja mwanzoni, akachukua kadi yake na kurudi siku ya uchungu, ameiruka kabisa nafasi ya kupimwa.

Kwa hiyo mjamzito aliyewahi kuzaa mtoto wa kilo nne au zaidi, aliyewahi kupoteza mimba kubwa bila sababu kujulikana, mwenye uzito mkubwa, au mwenye mzazi au ndugu wa damu anayeugua kisukari, asingoje kuulizwa. Aseme mwenyewe, aombe kupimwa.

Kuhusu chakula, kina mama wetu huvutwa pande mbili. Upande mmoja wanaambiwa wale kwa ajili ya watu wawili, na chai ya maziwa yenye vijiko vinne vya sukari haikosekani. Upande wa pili, katika baadhi ya jamii za ukanda huu, mjamzito hukatazwa mayai au hushauriwa ajinyime kula ili mtoto asiwe mkubwa akashindwa kutoka. Shauri la pili lilitokana na hofu ya kweli, ya nyakati ambapo hospitali ilikuwa mbali na uchungu uliokwama uliua. Lakini mayai hayamfanyi mtoto kuwa pandikizi, na mama mwenye upungufu wa damu ndiye anayehimili vibaya zaidi kutokwa damu wakati wa kuzaa. Akila mayai, maharage, mboga na samaki, akapunguza soda, chai tamu na mandazi, na akatembea kila siku, amefanya sehemu kubwa ya tiba ya kisukari cha ujauzito. Baadhi huhitaji dawa au sindano za insulini, na hizo hazimdhuru mtoto.

Bega linapokwama

Hofu kubwa ya mkunga kwa mtoto mzito haiko kwenye kichwa. Kichwa hutoka, nyumba hupumua, kisha hakuna kinachofuata: bega la mbele limenasa nyuma ya mfupa wa kinena wa mama. Kuanzia hapo zinahesabika dakika, kwa sababu kitovu kinaweza kuwa kimebanwa na kifua cha mtoto hakina nafasi ya kupanuka.

Kinachofanyika ni rahisi kukieleza, na wakunga hukifanyia mazoezi mara kwa mara ili mikono isisahau. Mama hulazwa chali, magoti yake hukunjwa na kusukumwa kuelekea tumboni, jambo linalobadilisha mlalo wa nyonga. Msaidizi hubonyeza juu kidogo ya mfupa wa kinena ili kulisukuma bega pembeni. Mara nyingi hayo mawili hutosha. Yasipotosha, mkunga huingiza mkono na kumgeuza mtoto au kuutoa mkono wa nyuma kwanza, au mama hugeuzwa apige magoti akijishikilia kwa mikono. Lisilofaa kufanywa ni kumvuta mtoto kichwa kwa nguvu, au kulikandamiza tumbo la mama kutoka juu, kama wazee wa zamani walivyozoea. Hilo hulikaza bega zaidi na linaweza kulipasua tumbo la uzazi.

Wengi hutoka salama. Baadhi huvunjika mfupa wa mtulinga, ambao kwa mtoto mchanga hujiunga wenyewe katika wiki chache. Wachache zaidi huumia neva zinazotoka shingoni kwenda mkononi, na mkono hulegea ukielekea ndani. Miongoni mwa walioumia hivyo, walio wengi hupona kadiri miezi inavyopita. Chini ya mmoja katika kumi hubaki na ulemavu wa kudumu. Mzazi akiona mkono mmoja hauinuki kama mwenzake asikubali kuambiwa kwamba amelalia vibaya. Ampeleke mtoto akachunguzwe mapema.

Na hapa kuna jambo ambalo hushangaza hata wauguzi: karibu nusu ya visa vya bega kukwama hutokea kwa watoto walio chini ya kilo nne. Ukubwa huongeza hatari, lakini mtoto wa kawaida naye hukwama. Ndiyo sababu mafunzo ya mkunga yana thamani kuliko utabiri wa uzito.

Kwa mama, mtoto mzito humaanisha uwezekano wa msamba kuchanika vibaya, uchungu mrefu, na damu nyingi baada ya kuzaa kwa sababu tumbo la uzazi lililotanuka kupita kiasi huchelewa kujikaza. Rwanda imejifunza kupambana na hili kwa njia yake: tangu Oktoba 2016 ndege zisizo na rubani za kampuni ya Zipline, zilizoanzia kituo cha Muhanga, hupeleka damu katika hospitali zilizo mbali na barabara nzuri. Na katika utafiti uliochapishwa mwaka 2023, uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, kupima damu iliyotoka kwa shuka maalumu yenye alama na kutoa tiba zote kwa pamoja mara moja kulipunguza matukio mabaya ya kutokwa damu kwa asilimia 60.

Uzito wa kupindukia hasa, ule wa kwenye vitabu vya rekodi, si kila mara huwa habari ya furaha. Mwaka 1879, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, Anna Bates, mwanamke aliyejulikana kwa urefu wake wa ajabu, alijifungua mtoto wa kiume wa takriban kilo 10. Aliishi saa 11.

Je, apasuliwe?

Hili ndilo swali linalozua mabishano makali zaidi katika familia. Mjamzito amekwenda kupigwa ultrasaundi, ambayo wengi wetu hapa Kigali bado twaiita ekografia, na karatasi imeandikwa gramu 4,200. Shangazi anasema apasuliwe. Mama mkwe anasema yeye alizaa saba nyumbani.

Jambo la kwanza kulijua ni kwamba mashine haimpimi mtoto kwa mzani. Hupima kichwa, tumbo na mfupa wa paja, kisha hukadiria. Kosa la asilimia 10 ni la kawaida. Mtoto aliyeandikwa kilo 4.2 anaweza kuwa na 3.8 au 4.6, na makadirio huharibika zaidi kadiri mtoto anavyokuwa mkubwa.

Jambo la pili ni hesabu. Mwaka 1996 watafiti wa Marekani walikokotoa kwamba kama kila mama asiye na kisukari, ambaye mtoto wake anakadiriwa kufika kilo 4.5, angepasuliwa, ingehitajika kufanya upasuaji 3,695 ili kumwokoa mtoto mmoja asipate ulemavu wa kudumu wa mkono. Kwa mama mwenye kisukari idadi hiyo hushuka sana, kwa sababu mabega ya mtoto wake ni mapana zaidi. Ndiyo maana chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani hushauri kuufikiria upasuaji wa kupangwa pale makadirio yanapofika kilo 5 kwa mama asiye na kisukari, na kilo 4.5 kwa mwenye nacho. Kila upasuaji huacha kovu, na kovu hilo ni hatari ya kweli katika mimba ya pili, ya tatu na ya nne, hasa katika nchi ambako mama bado ana matumaini ya kuzaa tena na huenda uchungu ukamkuta mbali na chumba cha upasuaji.

Kati ya kungoja na kupasua kuna njia ya tatu: kuanzishiwa uchungu mapema kidogo. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2025, ulioshirikisha kina mama wapatao 2,900, uliwalinganisha walioanzishiwa uchungu katika wiki ya 38 na walioachwa wapate huduma ya kawaida. Bega lilikwama kwa asilimia 2.3 ya kundi la kwanza na asilimia 3.1 ya kundi la pili, tofauti iliyo ndogo mno kuwa ushahidi wa moja kwa moja. Ilipoangaliwa kwa wale tu waliofuata mpango hasa walivyopangiwa, ilionekana wazi zaidi. Kwa maoni yangu, matokeo ya namna hiyo hayamlazimishi mtu yeyote. Yanampa mama haki ya kuketi na daktari wake na kuchagua.

Mahali pa kuzalia ndipo pasipo na mjadala. Vituo vingi vya afya nchini Rwanda havina chumba cha upasuaji. Anayekihitaji hupelekwa hospitali ya wilaya. Mama mwenye kisukari, mwenye mtoto anayekadiriwa kuzidi kilo 4.5, au ambaye mtoto wake wa awali alikwama bega, apange tangu mapema kujifungulia hospitalini. Mshauri wa afya wa kijiji anaweza kumsaidia kupata rufaa, na uchungu ukimkuta ghafla, gari la wagonjwa la SAMU huitwa kwa namba 912.

Saa 24 za kwanza

Turudi kwa mtoto mwenyewe. Amezaliwa, amelia, amepimwa, namba imeandikwa. Iwapo mama alikuwa na kisukari, au kama mtoto ni mkubwa kwa umri wa mimba, sukari yake inaweza kushuka ndani ya saa chache, kwa sababu ile tuliyoieleza: insulini bado ni nyingi na sukari ya mama imekatika. Ubongo wa mtoto hutegemea sukari. Ikishuka sana na kwa muda mrefu bila kutibiwa, inaweza kumdhuru.

Vituo vingi huchukua hatua sukari inaposhuka chini ya milimoli 2.6 kwa lita, sawa na miligramu 47 kwa desilita. Dalili ni zile zilizomkuta mpwa wangu: kutetemeka, kulala kupita kiasi, kukataa kunyonya, kulegea mwili, kulia kwa sauti nyembamba isiyo ya kawaida. Wengine hawaonyeshi dalili yoyote, na hao hugunduliwa kwa kipimo tu.

Tiba ya kwanza iko kifuani mwa mama. Anyonyeshwe ndani ya saa ya kwanza, kisha kila baada ya saa mbili au tatu, hata kama itabidi aamshwe. Dang'a, yale maziwa ya mwanzo yenye rangi ya njano ambayo Wanyarwanda huyaita umuhondo, ni kidogo kwa wingi lakini hutosha kwa tumbo la siku ya kwanza. Dhana kwamba mtoto mkubwa hatoshelezwi na dang'a, hivyo apewe uji mwepesi au maji ya sukari, haina msingi, na maji ya sukari hupandisha sukari kwa muda mfupi kisha huiangusha tena. Kama titi peke yake halikutosha, hospitali huweza kumpaka mtoto glukosi ya majimaji mazito ndani ya shavu, njia iliyothibitishwa katika utafiti wa New Zealand mwaka 2013, au kumtundikia dripu.

Kwa familia za Kiislamu za mitaa yetu: kumwonjesha mtoto tende iliyolainishwa ni sunna inayopendwa, nami siigusi, ila haichukui nafasi ya titi. Asali ndiyo isitumike badala ya tende. Madaktari huikataza kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vya ugonjwa wa hatari wa botulizimu.

Mzani utashuka katika siku za mwanzo, na hilo lisiwatie watu hofu. Mtoto yeyote hupoteza sehemu ya uzito wake, mara nyingi hadi asilimia 7 na wengine kufikia 10, na huurudisha ifikapo wiki ya pili. Bonge wa kilo 4.4 akirudi nyumbani na kilo 4.1, jirani hakumroga.

Baada ya arubaini

Mtoto aliyezaliwa mkubwa kwa sababu ya kisukari cha mama ana uwezekano zaidi wa kuwa mnene utotoni na kupata kisukari ukubwani. Hanyimwi chakula kwa sababu hiyo. Hunyonyeshwa maziwa ya mama peke yake miezi sita, kama mtoto mwingine yeyote, na hupimwa kliniki kama wenzake.

Anayesahauliwa ni mama. Mwanamke aliyepata kisukari cha ujauzito ana hatari ya kupata kisukari cha aina ya pili baadaye maishani karibu mara kumi zaidi ya mwenzake ambaye hakukipata. Sukari yake mara nyingi hurudi kawaida baada ya kuzaa, na hapo ndipo wengi huacha kuifuatilia. Inashauriwa apimwe tena kati ya wiki ya 6 na ya 12, na baada ya hapo kila mwaka mmoja hadi mitatu. Hata yule ambaye hakuwahi kupimwa wakati wa ujauzito, lakini amezaa mtoto wa kilo nne na zaidi, ana sababu nzuri ya kuomba kipimo hicho.

Wiki ya sita ni wakati mwafaka, kwa kuwa ndipo mtoto hupelekwa kuchanjwa. Wifi yangu alikwenda siku hiyo bila kula wala kunywa chochote tangu usiku, akiwa na mtoto mgongoni na kadi mbili mkononi, yake na ya mwanawe. Mtoto alichanjwa, akalia, akanyamaza. Mama naye alitobolewa kidole, na sukari yake ikakutwa juu kuliko inavyotakiwa, ingawa haijafika kiwango cha kisukari. Muuguzi alimwandikia tarehe ya kurudi. Njiani tulipita Biryogo kunywa chai, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue aliikataa sukari, akainywa chungu vile vile huku amekunja uso.